Shajara ya Mradi: Nakala Aminifu ya Gari la Benz la 1886

Januari: kuchagua gari la kunakiliwa

Mradi huu unakusudia kujenga, kuanzia chuma ghafi hadi rangi ya mwisho, nakala ya gari la magurudumu matatu ambalo Carl Benz aliliombea hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) tarehe 29 Januari 1886 na kuliendesha mbele ya watu katika barabara ya Ringstrasse mjini Mannheim tarehe 3 Julai mwaka huohuo. Karakana yetu haiko mbali na mji huo. Tuko watatu: mimi, niliyejifunza kukereza vyuma Tanga kabla ya kuhamia Ujerumani, mzee mmoja wa hapa aliyestaafu kazi ya kutengeneza vielelezo vya mbao vya kusubia vyuma, na kijana wa Mombasa anayesomea ufundi wa mitambo. Shajara hii naiandika kwa ajili ya mafundi wa nyumbani wanaopenda kujua kitu kilitengenezwaje na kwa nini kikatengenezwa hivyo. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi penye kazi ngumu, na pengine nitapita upesi.

Kabla ya kukata chuma chochote ilitupasa kuamua ni gari lipi hasa tunalolinakili. Kati ya 1886 na 1893 yalitengenezwa magari takriban 25 ya aina hii, nayo hayafanani. Gari la kwanza lina magurudumu ya spoki za waya, wakati toleo la tatu lina magurudumu ya spoki za mbao na injini yenye nguvu zaidi. Watu wengi wakilitaja gari la Benz huwa wanamfikiria Bertha Benz, mkewe, aliyesafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim mnamo Agosti 1888. Lakini gari aliloliendesha yeye lilikuwa la toleo la tatu. Nakala inayochanganya magurudumu ya moja na injini ya jingine inaweza kupendeza macho, ila hakuna gari lililowahi kuwepo ambalo inalinakili. Sisi tumechagua la kwanza, lile ambalo tangu 1906 limo katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini München.

Tuna vipimo vikuu: urefu wa milimita 2,700, upana wa 1,400, umbali wa 1,450 kati ya ekseli, magurudumu ya nyuma yenye kipenyo cha 1,125 na la mbele lenye 730, uzito wa jumla wa takriban kilo 265. Tuna pia mchoro wa hataza namba 37435, ambao tangu 2011 umo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mchoro huo ni mzuri sana, lakini ulichorwa ili kulinda wazo na haukukusudiwa kumwelekeza fundi. Unaonyesha mkanda unapita wapi na silinda imelala vipi, na haumwambii mkerezaji nafasi ya kuachwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda.

Tulikubaliana kanuni moja. Kila sehemu tutaiuliza ilikuwa na kazi gani na kwa nini Benz aliitengeneza hivyo. Ikiwa malighafi au njia ya kuitengeneza inagusa jinsi gari linavyokwenda, hatutaibadilisha, hata kama haionekani kwa nje. Tutabadilisha pale tu ambapo afya ya mtu imo hatarini, na kila kilichobadilishwa kitagongwa alama ndogo upande wa chini, ili mtu atakayelifungua gari hili baadaye asidanganyike.

Februari: fremu na magurudumu

Fremu ni ya mabomba ya pua yaliyopindwa na kuunganishwa kwa kulehemu kwa shaba. Kuchomelea kwa umeme kungemaliza kazi hii kwa siku chache, lakini kiungo cha shaba hutawanya msukosuko kwa namna yake, na bomba halipati ugumu wa ghafla kandokando ya kiungo kama linavyopata likichomelewa. Tulipasha moto polepole, tukaacha shaba ifuate joto yenyewe hadi ikaonekana upande wa pili, kisha tukasafisha kwa tupa. Kijana amejifunza hapa kutazama rangi ya chuma, jambo ambalo chuoni anafundishwa kulipima kwa chombo.

Magurudumu ni kazi ya baiskeli iliyokuzwa. Benz mwenyewe alikuwa mpenzi wa baiskeli, na magurudumu yake ya spoki za waya aliyapata kwa Heinrich Kleyer wa Frankfurt, aliyekuwa akiuza na kutengeneza baiskeli. Tofauti ni kwamba spoki za gurudumu la nyuma la gari hili hubeba uzito na papo hapo hupokea msokoto wa mnyororo, kwa hiyo zikilegea hazipigi kelele tu bali hukatika kwenye kitovu. Tumezikaza kwa zamu, pande mbili zinazokabiliana, na kuhakikisha rimu haichezi kuliko nusu milimita. Tairi ni mpira mtupu uliogandishwa ndani ya mfereji wa rimu. Dunlop alipata hataza ya tairi ya upepo 1888, miaka miwili baada ya gari hili, kwa hiyo yeyote anayeona nakala yenye tairi laini ana haki ya kuuliza maswali.

Machi hadi Mei: silinda

Hapa ndipo miezi ilipoishia. Injini ya Benz ina silinda moja iliyolala, yenye kipenyo cha milimita 90 na mwendo wa pistoni wa milimita 150. Ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 954. Nguvu yake ni takriban robo tatu ya nguvu farasi, ikizunguka mara 400 kwa dakika. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, yenye silinda ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, hutoa nguvu farasi zaidi ya 7. Kijana alipoiona hesabu hiyo aliweka kalamu chini na kuniuliza, “Fundi, sasa nguvu nyingine zote zinaenda wapi?”

Jibu linahitaji mambo matatu. La kwanza ni mizunguko: injini ya mipigo minne (kuvuta hewa, kugandamiza, kulipuka, kutoa moshi) hupata mlipuko mmoja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo mizunguko 400 inatoa milipuko 200 kwa dakika, ilhali pikipiki hupata maelfu. La pili ni mgandamizo. Uwiano wa mgandamizo wa injini hii ni takriban 2.7 kwa moja, maana yake ni kwamba nafasi inayobaki nyuma ya pistoni inapofika mwisho ni sentimita za ujazo zipatazo 560, zaidi ya nusu ya ujazo wote wa mwendo wake. Injini za petroli za leo hugandamiza mara tisa, kumi au zaidi. La tatu ni njia ya kupumua, ambayo ni nyembamba na ina valvu ya aina ya zamani nitakayoieleza hapa chini.

Kishawishi cha kwanza cha mradi mzima kilitokea hapa. Kuongeza mgandamizo kidogo kulihitaji tu kurefusha kichwa cha pistoni, na hakuna mtazamaji ambaye angegundua. Tulikataa, na kadiri tulivyozidi kuijua mashine ndivyo tulivyozidi kuona kwamba tungeharibu mambo mengi kwa pamoja. Injini hii huwashwa kwa mkono wa mtu anayelivuta gurudumu zito la injini. Valvu yake ya kuingizia hewa huziba kwa chuma kinachoteleza juu ya chuma. Krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, iko wazi na hulainishwa kwa matone. Na mafuta yaliyopatikana wakati ule yangeweza kulipuka kabla ya wakati yakigandamizwa sana. Mgandamizo mdogo ndio unaoruhusu hayo yote kukaa pamoja. Ukiuongeza, mkono utashindwa kuwasha, valvu itavuja, na fito inayounganisha pistoni na krenki itaanza kugonga.

Utaratibu wa mipigo minne wenyewe ulikuwa wa Nicolaus Otto, na hataza yake ilikuwa imewafunga watengenezaji wengi wa injini nchini Ujerumani. Mahakama kuu ya dola iliibatilisha tarehe 30 Januari 1886, siku moja tu baada ya Benz kuwasilisha maombi yake. Kila nikiitazama tarehe hiyo hujiuliza alilala vipi usiku ule, lakini hilo halimo katika kazi yetu.

Mzee alichonga vielelezo vya mbao kwa ajili ya kusubu, akiongeza takriban asilimia moja katika kila kipimo kwa sababu chuma cha kusubu hunywea kinapopoa. Ugumu uko katika koti la maji linaloizunguka silinda, kwa kuwa nafasi yake ya ndani lazima ifanywe kwa kiini cha mchanga kinachoning’inia ndani ya kalibu, na gesi ya kiini hicho lazima ipate njia ya kutoka wakati chuma kinapomiminwa. Silinda ya kwanza ilirudi kutoka kwa wasubu ikiwa na sura nzuri, lakini tulipoijaza maji kwa shinikizo dogo ikatoa jasho katika ukuta wa koti: vitundu vya gesi, ambavyo haviwezi kuzibwa kwa uaminifu wowote. Tulibadilisha njia za kutolea gesi katika kiini, tukarudia, na silinda ya pili ikashika.

Kukereza ndani yake kulifanywa kwa upanga mmoja wa chuma kigumu, kwa mwendo wa taratibu, na kumaliziwa kwa kusugua kwa kipande cha madini ya risasi na unga wa msasa. Ringi za pistoni tulizikata kutoka katika pete ya chuma cha kusubu, tukazipasua, na kuzikaza kidogo kidogo hadi zikasukuma ukuta sawasawa pande zote. Mtu angeweza kununua ringi za injini nyingine zenye kipenyo hichohicho, lakini hizo ni nyembamba na zimebuniwa kwa oili ya shinikizo, ambayo hapa haipo.

Sasa valvu. Upande wa kutolea moshi kuna valvu ya kawaida yenye kichwa mfano wa uyoga, inayofunguliwa na kamu. Upande wa kuingizia hewa kuna kipande bapa kinachoteleza kwenye uso bapa, utaratibu uliorithiwa kutoka katika injini za mvuke na injini za gesi zilizofuata. Uzibaji wake wote unategemea ubapa wa nyuso mbili. Mzee alizikwangua kwa mkono: unapaka rangi ya buluu kwenye bamba la kipimo, unaligusisha, unakwangua pale rangi iliposhika, unarudia. Kazi hiyo haiharakishwi. Mashine ya kusaga ingetoa uso unaong’aa zaidi, ila uso uliokwanguliwa hubaki na vijishimo vidogo vinavyoshika oili, na bila oili hiyo chuma kingekula chuma. Naiona kuwa ndiyo kazi bora kuliko zote zilizofanyika katika mradi huu, na hakuna atakayeiona gari likishafungwa.

Juni: gurudumu zito na usukani

Jambo ambalo wageni wote huuliza ni kwa nini gurudumu zito la injini limelazwa chini ya gari badala ya kusimama wima. Benz aliogopa kwamba gurudumu kubwa linalozunguka wima lingepinga gari kila linapogeuzwa, kwa maana kitu kizito kinachozunguka hukataa kubadilishiwa mwelekeo wa mhimili wake. Gari linapokata kona huzunguka katika mhimili wa wima, na gurudumu lililolazwa lina mhimili wa wima vilevile, kwa hiyo kona haiusumbui. Hoja ni sahihi kifizikia, ingawa kwa mwendo na uzito huu woga ulizidi hatari yenyewe, na katika magari yake ya baadaye aliliweka wima bila madhara.

Kwa kuwa gurudumu limelala, krenki nayo imesimama wima, na nguvu lazima igeuzwe kwa gia mbili za pembe ili iufikie mtambo wa mkanda. Meno ya gia hizo yalituchukua muda mrefu kuyalinganisha. Zikikaza mno hulia, zikilegea hugonga kwa kila mlipuko, na kwa injini ya silinda moja kila mlipuko ni pigo la nyundo. Tuliweka vipande vyembamba vya shaba chini ya kikalio cha beringi hadi alama za kugusana zikawa katikati ya jino.

Usukani ni rahisi. Gurudumu moja la mbele limo katika uma, na nondo fupi yenye mpini juu huzungusha gia ndogo inayosukuma reli yenye meno. Benz alichagua gurudumu moja kwa sababu hakuwa bado ameridhika na njia yoyote ya kuongoza magurudumu mawili. Jawabu lake mwenyewe alilipatia hataza 1893. Kiti cha mbao na ngozi kilikamilika mwezi huu pia, na hakuna la kusema juu yake.

Julai: kabureta

Kabureta ya gari hili ni chombo kilichosimama wima chenye petroli chini na hewa juu. Hewa inayovutwa na pistoni hupita juu ya uso wa petroli na kuondoka na mvuke wake, kama vile hewa ya chumbani inavyobeba harufu ya udi uliomo chetezoni. Hakuna jeti (tundu dogo la kupulizia mafuta) wala sindano. Kiasi cha lita moja na nusu ndicho kinachoingia, na ndiyo maana inasimuliwa kwamba katika safari za majaribio za mwanzo Eugen, mwana wa Benz, alikuwa akikimbia kando ya gari akishika chupa ya kuongezea mafuta.

Kijana alipendekeza kabureta ya pikipiki ifichwe ndani ya chombo hicho. Ingefanya kazi vizuri, na nakala kadhaa duniani zimefanyiwa marekebisho ya namna hiyo. Lakini kabureta ya uso wa mafuta hulipa gari hili tabia yake yote: namna linavyoitikia taratibu, linavyochoka siku ya baridi, na linavyomlazimu dereva kulisikiliza. Tukaitengeneza kama ilivyokuwa, kwa bamba la shaba lililolehemiwa.

Jaribio la kwanza lilifanyika kwenye meza, kwa kuvuta hewa kwa pampu, na tulitumia petroli ya kituoni. Mwanzoni mvuke ulikuwa mwingi kiasi cha kutotaka kushika moto. Baada ya muda ukawa sawasawa, kisha ukaanza kudhoofika, na mwishowe chombo kikabaki na theluthi ya mafuta ambayo hayakuwa na faida tena. Sababu ni kwamba petroli ya leo ni mchanganyiko wa vitu vingi. Baadhi yake huchemka chini ya nyuzi 40 za Selsiasi na baadhi karibu na nyuzi 200. Katika injini yenye jeti hilo halina shida, maana kila tone huingia likiwa na sehemu zake zote. Katika kabureta ya uso, sehemu nyepesi hukimbia kwanza na kuacha nzito, kwa hiyo mafuta yaliyomo saa hii si yale yaliyomo saa iliyopita. Zaidi ya hapo, petroli nyingi ya hapa huchanganywa na ethanoli, ambayo hunywa unyevunyevu wa hewa na kuula mpira na gundi za zamani.

Benz alitumia ligroini, petroli nyepesi iliyouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia nguo. Bertha Benz aliinunua katika duka la dawa la mjini Wiesloch alipokuwa njiani kwenda Pforzheim. Ilikuwa imechujwa katika upeo mwembamba zaidi wa nyuzi za kuchemka, kwa hiyo ilifuka kwa usawa hadi mwisho wake. Dawa ya kusafishia yenye asili hiyo bado inauzwa, na tulipoitumia matatizo yote mawili yalipungua. Hapa niliona wazi jinsi ambavyo sehemu moja isiyo sahihi ingetufanya tuilaumu sehemu nyingine isiyo na hatia: kwa petroli ya kituoni kila mtu angesema kabureta ya Benz ilikuwa kifaa kibovu, na angeibadilisha.

Jambo moja limebaki la kushughulikia. Kitu kinachofuka hupoteza joto, na katika jaribio la muda mrefu chombo kilipoa hadi umande ukakishika kwa nje. Mafuta baridi hutoa mvuke mchache. Gari likienda siku ya joto, halisumbui. Siku ya baridi, dereva atapaswa kupunguza hewa kwa kutumia kidhibiti kilicho chini ya kiti.

Agosti: cheche

Katika mfumo wa umeme ndipo tulipotumia ruhusa yetu ya kubadilisha. Benz alitumia betri za maji zenye asidi ya kromi, na kromi ya aina hiyo husababisha saratani. Hatuoni sababu ya kuileta karakanani wala kuiweka chini ya miguu ya watu katika maonyesho. Betri yetu ni ya kisasa, imo ndani ya sanduku la mbao, na imegongwa alama kama tulivyokubaliana.

Yaliyosalia ni ya zamani. Koili ina nyundo ndogo inayotetema na kukata umeme mara nyingi kwa sekunde, na kila mkato huzaa umeme wa nguvu kubwa katika waya wa pili, kwa hiyo plagi haipati cheche moja bali mfululizo wa cheche kwa muda wote ambao swichi imefungwa. Swichi hiyo imewekwa kwenye gurudumu la meno linalozunguka nusu ya kasi ya krenki, kwa kuwa mipigo minne inahitaji kuwashwa mara moja kwa mizunguko miwili. Benz aliwahi kuandika kwamba tatizo la kuwasha ndilo tatizo la matatizo yote, na baada ya kukaa na koili hii naamini hakutia chumvi. Unyevunyevu kidogo katika sanduku hupunguza cheche, na nyundo ikichakaa kwa upana wa unywele sauti yake hubadilika. Mzee husikiliza sauti hiyo kabla ya kugusa chombo chochote cha kupimia.

Septemba: injini inawaka

Injini ilifungwa kwenye fremu mwanzoni mwa mwezi. Utaratibu wa kuiwasha ni huu: jaza maji katika chombo kilicho juu ya silinda, fungua vikombe vya oili vitone kwenye beringi na pistoni, washa umeme na usikilize koili, punguza hewa, kisha shika gurudumu zito kwa mikono miwili na ulivute kwa nguvu. Ilipowaka haikunguruma kama injini tunazozijua. Ilipiga, ikanyamaza, ikapiga. Mizunguko 400 kwa dakika ni polepole kiasi cha kuweza kuhesabu, na pistoni inakwenda kwa wastani wa mita mbili tu kwa sekunde.

Kupoza ni kwa kuchemka. Maji huizunguka silinda, hupata moto, huchemka na kuondoka kama mvuke hewani, na dereva huongeza mengine. Hakuna rejeta wala pampu. Anayeliona mara ya kwanza hudhani gari linaungua, na tumeanza kuwaonya wageni mapema. Lakini ndani ya kuchemka huko kuna akili: maji yanayochemka hayapandi joto zaidi, hivyo silinda hujiwekea kiwango chake bila chombo chochote cha kudhibiti, ilimradi maji yasiishe.

Oili nayo hutoka na hairudi. Inadondoka kwenye beringi, inafanya kazi yake, inaishia chini. Tumeweka trei ya bati chini ya gari kila linapoegeshwa, na trei hiyo si sehemu ya nakala.

Oktoba: uwanjani

Gari halina kibali cha kwenda barabarani, kwa hiyo tunalijaribu katika uwanja uliofungwa wenye lami. (Benz mwenyewe alilazimika kuomba ruhusa, hati aliyopewa na mamlaka za Baden tarehe 1 Agosti 1888 mara nyingi huhesabiwa kuwa leseni ya kwanza ya udereva.)

Kuondoka hakufanani na kuachia klachi. Mkono wa kushoto wa dereva hushika wenzo mrefu. Ukiusukuma mbele, mkanda wa ngozi huhama kutoka katika puli inayozunguka bure kwenda katika puli iliyoshikamana na mtambo, na gari huanza kwenda. Ukiuvuta nyuma, mkanda hurudi na breki hukaza. Ngozi huteleza kidogo kabla ya kushika, na utelezi huo ndio unaoliondoa gari taratibu. Kwenye mtambo huohuo imo difu, ili magurudumu mawili ya nyuma yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na kutoka hapo minyororo miwili huenda kila upande.

Tulipiga hesabu ya mwendo kabla ya kupima. Gurudumu la nyuma lina mzingo wa mita 3.53, kwa kilomita 16 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayotajwa kwa gari la asili, gurudumu huzunguka mara 75 hivi kwa dakika, kwa hiyo injini inapaswa kuzunguka zaidi kidogo ya mara tano kwa kila mzunguko wa gurudumu. Puli na minyororo yetu inatoa uwiano huo. Kwenye lami kavu isiyo na mwinuko gari lilikaribia kasi hiyo. Asubuhi yenye umande halikukaribia hata nusu yake, kwa sababu ngozi ilikuwa imenyonya unyevunyevu na kurefuka, na mkanda ukawa unateleza kwenye puli huku injini ikiendelea kupiga bila kujali.

Kwenye mteremko mdogo wa uwanja tulipata somo la pili. Kupanda, gari lina gia moja tu, na mwinuko ambao mtembeaji hausikii unaliangusha karibu lizime; mmoja wetu alishuka akasukuma. Watoto wa Benz walifanya hivyohivyo mwaka 1888, na gia ya ziada ya kupandia milima iliongezwa baada ya safari ile. Kushuka, breki ya ngozi ilinuka kuungua kabla ya kufika chini. Inasimuliwa kwamba Bertha Benz alimwambia fundi viatu wa kijijini agongee ngozi mpya kwenye breki zake, na kwa kuwa lile lilikuwa toleo la tatu hatuwezi kuihesabu ngozi ya ziada kuwa sehemu ya gari letu. Kijana alitaka tuongeze gia. Tumekubaliana hatutaiongeza, na kwamba gari litaonyeshwa mahali tambarare.

Kazi zilizobaki ni tatu. Mkanda wa sasa umekatwa kutoka katika ngozi laini mno. Mwingine, wa ngozi ya mgongoni iliyonyooshwa kabla ya kushonwa, uko kwa mshonaji. Gia za pembe zinahitaji kufunguliwa na kukaguliwa baada ya saa za kwanza za kazi, kwa kuwa alama za kugusana zimeanza kusogea upande wa nje wa jino. Na nyundo ya koili itapata ncha mpya ya platini, maana ile tuliyoweka ilitengenezwa kwa madini laini na imeshachimbika. Rangi itapakwa baada ya hayo.